Chungu Kibichi: Hamu ya Mungu na Kazi ya Guru katika Ibada ya Kihindu

Mfinyanzi anayeijua kazi yake hukigonga chungu kwa kibao, akatega sikio. Kilichoiva motoni hulia. Kibichi hutoa mlio mzito wa udongo, na hapo mfinyanzi hukirudisha bila maneno mengi.

Huko Maharashtra, magharibi mwa India, wanasimulia kwamba siku moja wacha Mungu walikusanyika nyumbani kwa mfinyanzi aitwaye Gora. Alikuwepo Jnaneshwar, kijana aliyeifafanua Bhagavad Gita, andiko takatifu la Kihindu, kwa Kimarathi mwaka 1290. Alikuwepo dada yake mdogo, Muktabai. Na alikuwepo Namdev, fundi cherehani wa zama ambazo cherehani haikuwepo, yaani mshona nguo kwa mkono. Muktabai akakiona kile kibao kimelazwa pembeni, akauliza cha nini. Gora akamjibu kwamba ndicho kinachomwambia chungu kipi kimeiva. Binti akasema: basi tugonge na sisi vichwa, tujuane. Gora akainuka, akapita kwa mmoja mmoja akiwagonga utosini, nao wakatulia kimya. Alipofika kwa Namdev, Namdev akaruka. Mimi nigongwe kwa lipi? Gora akatoa hukumu mbele ya wote: hiki bado kibichi.

Fedheha ilikuwa kubwa, kwa sababu Namdev hakuwa mtu wa pembeni. Kwa masimulizi hayohayo, alipokuwa mtoto alitumwa kupeleka chakula hekaluni, akaketi mbele ya sanamu ya Vithoba na kulia mpaka mungu akala kweli. Tangu hapo walikuwa wakizungumza kama marafiki. Katika kundi lile, nani alikuwa na machozi mengi kumshinda yeye? Akakimbilia Pandharpur, kwenye hekalu la Vithoba, akamshitakia. Vithoba hakumbembeleza. Alimwambia wenzake wamesema kweli: huna guru, yaani mwalimu wa kiroho.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba fundo ambalo wengi wetu, tukitazama ibada ya Kihindu kwa nje, tunalipita bila kuliona. Mtu ana hamu ya Mungu isiyo na mfano. Mungu mwenyewe anamsikia na kumjibu. Bado Mungu huyohuyo anamwelekeza kwa binadamu mwenzake akafundishwe. Kama hamu inatosha, guru wa nini? Na kama guru ndiye mlango, machozi yote yale yalikuwa ya nini?

Anayepita Kisutu, Dar es Salaam, jioni jua likizama, husikia kengele na harufu ya ubani ikimfuata barabarani. Wengi wetu tumeishi na majirani hao miaka mingi, tukanunua kwao vitambaa na bizari, tukawaita Mabaniani bila kuwauliza mle ndani wanaimba nini. Mara nyingi wanaimba habari ya kuachwa.

Tuanze na maneno. *Bhakti* ndilo jina la njia hii ya ibada, na kwa kawaida tunalitafsiri kuwa ucha Mungu. Asili yake katika Kisanskriti ni kitenzi chenye maana ya kugawana, kushiriki, kupata fungu lako. Kwa hiyo ndani yake kuna utii, lakini zaidi kuna ushirika wa watu wawili. Palipo na wawili, mmoja anaweza kuondoka. Hapo ndipo linapoingia neno la pili, *viraha*: utengano, pamoja na yote yanayompata aliyebaki. Kiswahili hakina neno moja linalolitosha. Hamu ni sehemu yake, upweke ni sehemu, na ile kiu ya kusikia hatua za mtu mlangoni nayo ni sehemu. Mpenzi wa taarabu hahitaji kuelezwa zaidi.

Si Wahindu wote wanaoshika njia hii. Uhindu ni bahari. Wapo wanaosema Mungu hana sura wala nafsi ya kupendwa, na kwamba wewe na yeye ni kitu kimoja tangu mwanzo. Kwao kulia kwa kutengana ni sawa na mtu kutafuta kofia aliyoivaa kichwani. Nitakaowaeleza hapa ni wale wanaolia.

Andiko lao kubwa ni Bhagavata Purana, na kiini chake ni kitabu cha 10, kinachosimulia maisha ya Krishna, mungu katika umbo la binadamu, ambaye Vithoba ni sura yake nyingine, kule Vrindavan, kando ya mto Yamuna. Usiku wa mbalamwezi Krishna anapiga filimbi msituni. Wake na mabinti wa wafugaji, wanaoitwa gopi, wanaacha maziwa jikoni na watoto vitandani, wanamfuata. Wanacheza naye. Kisha kila mmoja anaanza kujiona kwamba hakuna mwanamke duniani kama yeye, na papo hapo Krishna anatoweka.

Kinachofuata ni kurasa za wanawake wanaozunguka msituni usiku wakiuliza miti. Wanauuliza mtini, wanauuliza mmea wa tulasi, ambao ni wa ukoo mmoja na mrehani wetu: umemwona akipita? Wanaigiza matendo yake, huyu akijifanya Krishna na yule akijifanya jini aliyeuawa naye. Wanaona nyayo zake mchangani, na kando yake nyayo za mwanamke mmoja, na wivu unawachoma. Mbele kidogo wanamkuta huyo mmoja naye ameachwa. Mwishowe wanarudi ukingoni mwa mto, wanaketi, wanaimba kwa kilio. Hapo ndipo anarudi.

Lakini hawamwachii hivihivi. Wanambana kwa swali la kistaarabu lenye sumu: kuna watu wanaowapenda wale tu wanaowapenda wao, kuna wanaowapenda hata wasiowapenda, na kuna wasiompenda yeyote, wewe ni wa kundi gani? Jibu la Krishna ndilo msingi wa elimu nzima ya viraha. Anawaambia kwamba yeye hajibu upesi hata kwa wanaomwabudu, ili mawazo yao yamkazie. Mfikirieni maskini, anasema, aliyepata mali kisha ikampotea: hawazi tena kitu kingine chochote.

Tajiri husahau sanduku lake chini ya kitanda. Maskini ambaye hajawahi kushika hela huiota kwa mbali tu. Yule aliyeshika kisha akapoteza ndiye asiyelala. Wana bhakti wanasema hali hiyo ndiyo ukaribu mkubwa kuliko wote, kwa sababu aliyepotea sasa yuko kila mahali. Gopi aliyekuwa akicheza na Krishna alimwona Krishna mmoja. Gopi aliyeachwa anamwona kwenye kila mti.

Wengi huona jambo hili kama mchezo wa maneno, nami niliona hivyo mwanzoni. Kilichonibadilisha ni kuona jinsi lilivyobebwa na watu wenye majina na miji, tena kwa karne nyingi, katika lugha zao za nyumbani.

Chukua Andal, wa mji wa Srivilliputhur, nchi ya Watamil kusini. Aliishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ndiye mwanamke pekee kati ya washairi 12 wanaoitwa Alvar, neno linaloelezwa kuwa ni waliozama. Baba yake alitunza bustani ya hekalu na kusuka makoja ya maua ya kumvisha kila siku Vishnu, mungu ambaye Krishna ni umbile lake. Inasimuliwa kwamba alimwokota binti huyo mchanga chini ya mti wa tulasi. Alipokua akawa na tabia ya siri: koja likisukwa, kabla halijapelekwa hekaluni, alilivaa yeye kwanza, akajitazama kama anafaa kuwa bibi harusi wa mungu. Siku moja baba akakuta unywele kwenye maua. Akashtuka, kwa sababu kitu kilichovaliwa na mtu ni najisi, akasuka jingine. Usiku Vishnu akamjia ndotoni: mimi nalitaka lile alilovaa binti yako. Mpaka leo koja kutoka kwa Andal hupelekwa hekalu kuu la Tirupati wakati wa sikukuu, na katika mwezi wa Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba, beti zake 30 huimbwa alfajiri mahekaluni. Ni beti za wasichana wanaoamshana gizani waende kumwamsha mungu aliyelala.

Au chukua Chaitanya wa Bengal, aliyezaliwa mwaka 1486 na kufariki 1534. Alikuwa msomi wa Kisanskriti, mtu wa mabishano, mpaka alipokwenda Gaya kwa ajili ya ibada ya marehemu baba yake na kukutana huko na guru Ishvara Puri. Alirudi mtu mwingine. Miaka yake ya mwisho aliishi Puri, kwenye pwani ya mashariki, katika hali ya kulia na kuzimia. Zimehifadhiwa beti 8 tu zinazohesabiwa kuwa zake mwenyewe, na mmojawapo unasema, kwa maneno yangu: kufumba na kufumbua kumekuwa zama nzima, macho yananyesha masika, dunia yote ni tupu kwa kumkosa Govinda. Govinda ni jina jingine la Krishna.

Mwafrika Mashariki aliyelelewa msikitini au kanisani atauliza, na ana haki: kwa nini Mungu aombolezwe kama mchumba? Wafuasi wa Chaitanya walilichambua swali hili kwa utulivu wa mafundi. Rupa Goswami, aliyewahi kuwa afisa wa Sultani wa Bengal kabla ya kuacha yote na kuhamia Vrindavan, alimaliza mwaka 1541 kitabu kinachopanga mahusiano ya mtu na Mungu katika ladha tano: ya anayetulia mbele ya ukuu wake, ya mtumishi, ya rafiki, ya mzazi, na ya mpenzi. Yashoda, aliyemlea Krishna na kumfunga kambani alipoiba siagi, yuko kwenye ladha ya mzazi, na uchungu wake Krishna alipohama kijiji si mdogo kuliko wa gopi. Kila mtu, wanasema, ana ladha inayomfaa. Ya mpenzi imewekwa juu kwa sababu mpenzi wa siri ndiye mwenye mengi ya kupoteza.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana hamu haiji kwa kuiagiza.

Jioni ya kawaida ya mtu wa njia hii haina miujiza. Anaketi na ushanga wa punje 108, unaofanana na tasbihi isipokuwa kwa hesabu, wengine wakiuficha ndani ya kifuko cha kitambaa ili mkono ufanye kazi bila kuonekana. Anataja jina, anasogeza punje. Wafuasi wa Chaitanya hutumia mantra ya maneno 16, yote yakiwa ni majina matatu yanayorudiwa: Hare, Krishna, Rama. Mantra hiyohiyo ndiyo iliyosikika mitaani New York baada ya mwaka 1966, Bhaktivedanta Swami alipoanzisha jumuiya yake huko. Kisha kuna uimbaji wa pamoja, mmoja anatoa na wengine wanapokea, kwa ngoma, matoazi na kinanda cha kupepea kwa mkono. Aliyewahi kukaa kwenye dhikiri ya twarika kule Unguja au Lamu atalitambua umbo lake, ingawa imani ni nyingine kabisa.

Na siku nyingi hakuna kinachotokea. Punje zinazunguka, akili iko kwenye bei ya unga. Hapa Rupa Goswami anasaidia kuliko mahubiri mengi. Anapanga ngazi: imani kwanza, kisha kukaa na wema, kisha matendo ya ibada, kisha kupukutika kwa tabia mbaya, kisha uthabiti, halafu ndipo *ruchi*, yaani utamu, halafu mvuto, halafu hisia ya kweli, na mwisho upendo. Tazama utamu umewekwa wapi. Unakuja baada ya uthabiti. Anayeomba miaka mingi bila kusikia ladha yoyote hajahesabiwa mnafiki, bado anapanda.

Hata hivyo Rupa huyohuyo alihifadhi ubeti unaovuruga ngazi hiyo. Unasema moyo uliolowa ladha ya Krishna ununueni popote mnapouona unauzwa. Bei yake ni moja, nayo ni uroho, na hata thawabu za maisha milioni kumi hazifikii bei hiyo. Neno alilochagua mshairi ni lilelile la mtoto anayekodolea macho halua. Kwa hiyo zipo njia mbili zinazokwenda pamoja: ya kanuni, ambapo unaabudu kwa sababu umeamriwa, na ya mvuto, ambapo unaabudu kwa sababu umemwona mwingine anavyopenda nawe ukatamani kuwa kama yeye. Hii ya pili ndiyo inayotufungulia habari ya guru, kwa sababu uroho huanza kwa kuona chakula mbele ya mtu mwingine.

Turudi kwa Namdev. Alielekezwa kwa mzee aitwaye Visoba Khechar. Alipofika alimkuta amelala ndani ya hekalu la Shiva, miguu yake ameipandisha juu ya linga, jiwe takatifu lenyewe. Namdev akahamaki: mzee, ondoa miguu! Visoba akasema amechoka, hawezi. Mwanangu, wewe inyanyue, iweke mahali ambapo Mungu hayupo. Namdev akainyanyua, akaisogeza kando. Linga likachipuka chini yake. Akaisogeza tena. Likachipuka tena.

Sioni kwamba Visoba alimtuliza Namdev hamu yake. Aliitoa kwenye sanduku. Namdev alimpenda Vithoba wa Pandharpur, mwenye sura ile, aliyesimama juu ya tofali lile. Alijua kulia, hakujua kwamba anayemlilia hana upande asiokuwepo. Hamu bila mwongozo, wanaonya wenye njia, inaweza kugeuka kuwa umiliki: Mungu wangu, machozi yangu, nafasi yangu ya mbele. Ndiyo maana aliruka alipogongwa.

Na aliyemgonga alikuwa nani? Gora huyo, kwa masimulizi yao, siku moja alikuwa akikanyaga udongo huku akiimba jina la Vithoba, akazama mno, mtoto wake mchanga akatambaa mpaka shimoni naye akamkanyagia humo bila kujua. Hadithi inamrudisha mtoto hai mwishoni. Lakini walioisimulia hawakuificha: shauku inaweza kuua kilicho miguuni pako. Pengine ndiyo sababu kibao kilikuwa mkononi mwa Gora.

Kazi nyingine ya guru ni kulipa jambo jina lake. Ramakrishna, aliyezaliwa mwaka 1836, alikuwa kuhani katika hekalu la mungu wa kike Kali pale Dakshineswar, karibu na Kolkata. Jioni, kengele zilipolia, alijibwaga chini na kusugua uso ardhini akilia: Mama, siku nyingine imepita na hujanijia! Watu walidhani amerukwa na akili, wakamletea waganga. Mwili wake ulikuwa ukiwaka kama uliomwagiwa makaa. Mwaka 1861 alifika kwa mashua mwanamke mtawa mzururaji aliyejulikana kama Bhairavi Brahmani. Akamsikiliza, akafungua maandiko yake, akamwonyesha kwamba haya yote yameandikwa. Yaliwapata wengine kabla yako, akiwemo Chaitanya. Dawa aliyotoa kwa ule moto ilikuwa kupakwa msandali na kuvikwa koja la maua yenye harufu nzuri. Baada ya siku tatu, wanasimulia, moto ulitulia. Ona mpangilio: hamu ilitangulia, mwalimu akafuata. Naye hakumwambia aache kulia, alimwambia yuko wapi njiani.

Ramakrishna mwenyewe baadaye aliwagawa walimu kama madaktari. Wa chini anaandika dawa na kwenda zake. Wa kati anabembeleza mgonjwa ainywe. Wa juu anamwekea goti kifuani na kumnywesha kwa nguvu. Ni mfano wa kuchekesha na wa kutisha kwa pamoja, na tutaurudia.

Kabir, mfumaji wa Varanasi wa karne ya 15, anahesabiwa kuwa mwenye ubeti ambao karibu kila mtoto wa shule kaskazini mwa India anaujua: guru na Govinda wamesimama mbele yangu wote wawili, nianze kugusa miguu ya nani? Nianze na ya guru, maana ndiye aliyenionyesha Govinda. Kila mwaka, mwezi mpevu wa Ashadha, kati ya Juni na Julai, Wahindu huadhimisha siku ya guru kwa kufanya hasa hilo.

Lakini ndani ya mapokeo kuna ubishi ambao haujaisha: jitihada ni ya nani? Wavaishnava wa Kitamil, yaani wafuasi wa Vishnu walio warithi wa mwalimu Ramanuja, waligawanyika makundi mawili juu ya swali hili, na wakajieleza kwa wanyama. Mtoto wa nyani humshika mama yake tumboni kwa mikono yake mwenyewe. Mama huruka matawi, lakini mtoto akiachia, ameanguka. Hilo ni kundi la kaskazini: neema ipo, nawe shika. Mtoto wa paka hashiki kitu. Analia tu, na mama anakuja kumng'ata ukosi na kumbeba. Hilo ni kundi la kusini: kilio chenyewe kinatosha, tena hata kilio ni zawadi. Mpaka leo utawatofautisha kwa alama ya paji la uso, moja ina umbo la U na nyingine Y. Guru wa nyani hufundisha kushika. Guru wa paka hufundisha kuachia. Mimi naona binadamu wengi ni nyani asubuhi na paka usiku.

Na mara nyingine mwalimu ndiye anayefundishwa. Bhagavata inasimulia kwamba Krishna, baada ya kuhamia mji wa Mathura, alimtuma rafiki yake msomi, Uddhava, akawafariji wale gopi. Uddhava akaja na elimu: Mungu yuko ndani ya kila kitu, kwa hiyo hamjatengana naye. Mafundisho sahihi kabisa. Gopi mmoja akaanza kuongea na nyuki aliyekuwa akizunguka pale, akamtukana Krishna kupitia nyuki huyo, kwa maneno ya mapenzi makali. Uddhava akakaa miezi. Alipoondoka aliomba jambo moja: azaliwe tena hapo Vrindavan kama kijiti au jani kando ya njia, vumbi la miguu ya wanawake wale limwangukie.

Sasa lile goti kifuani. Mtu mwenye hamu kali ni mtu aliye wazi, na mlango ulio wazi humwingiza mgeni na mwizi. Wazee wa njia walijua. Mundaka Upanishad, andiko la kale, inataka guru awe na mambo mawili kwa pamoja: ameyasoma maandiko, na amesimama ndani ya kile yanachokisema. Kimoja bila kingine hakitoshi. Bhagavad Gita inamtaka mwanafunzi aende kwa unyenyekevu, kwa utumishi, na kwa kuuliza maswali. Kuuliza kumewekwa humohumo, hakukuachwa nje kama utovu wa adabu. Haribhaktivilasa, kitabu cha kanuni cha karne ya 16 cha watu wa Chaitanya, kinataka guru na mwanafunzi waishi pamoja mwaka mzima wakipimana kabla ya kufungana kwa mantra.

Kanuni hizo zilivunjwa, na waliosema ni Wahindu wenyewe. Mwaka 1860, Bombay, mwandishi wa habari Mgujarati, Karsandas Mulji, alichapisha katika gazeti lake kwamba baadhi ya maharaja wa madhehebu ya Vallabha, waliorithi uguru kwa damu, walikuwa wakitumia ile lugha ya Krishna na gopi kuwafikia wake na mabinti wa wafuasi wao. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa madhehebu hiyo. Maharaja mmoja akamshitaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1862, ikahudhuriwa na umati, na Karsandas akashinda. Jaji mmoja aliandika kwamba kisicho sawa kimaadili hakiwezi kuwa sawa kidini. Habari hii ina mkono wake hata kwetu. Miongoni mwa wafuasi wakubwa wa madhehebu hiyo walikuwa Wabhatia wa Kutch, jamaa wa walewale waliokuwa wakishika forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said.

Angalia kosa lilikuwa wapi. Katika hadithi, Krishna hutoweka pale gopi wanapoanza kumhesabu kuwa wao. Maharaja hao walikalia nafasi ya Krishna na hawakutoweka. Kipimo hicho hakijaandikwa kwenye kanuni yoyote niliyoitaja, lakini naona kinafaa: mwalimu akijaza nafasi yote ya hamu yako, amekuibia.

Kila mwaka, kuelekea siku ya 11 ya mwezi wa Ashadha, mahujaji wa Maharashtra huondoka Alandi na Dehu, karibu na Pune, kwenda Pandharpur kwa miguu. Safari huchukua takriban wiki tatu. Kwenye machela yao hawabebi sanamu ya mungu. Wanabeba ndara: ndara za Jnaneshwar kutoka Alandi, na za mshairi Tukaram kutoka Dehu. Wanawake hujitwika vyungu vya mmea wa tulasi kichwani. Mvua za masika ya kule huwanyeshea barabarani, nao huimba majina ya walimu wao wawili mpaka sauti zikauke.

Wanapofika, foleni ya kuingia kumwona Vithoba ni ya saa na saa, na wengi hawapati zamu. Hao husimama nje, wakatazama kilele cha hekalu kwa mbali, wakakunja viganja. Kisha husogea kwenye ngazi ya kwanza ya mlango. Ngazi hiyo haikanyagwi. Inaitwa ngazi ya Namdev, kwa sababu yule mshonaji, wanasimulia, aliomba azikwe hapo, chini ya miguu ya wanaokuja. Wanainama, wanaigusa kwa paji la uso, wanageuka kuanza safari ya nyumbani.